Mzee amekufa, hadiweya ni ya nani? Urithi na biashara Kenya baada ya mabadiliko ya hii miaka

Tuseme kuna mzee Thika ana hadiweya, yaani duka la vifaa vya ujenzi, lori mbili, ploti ya rentali vyumba kumi na mbili, shea kwenye kampuni moja ya kuagiza mabati, akiba ya sacco na pensheni ya kazi aliyofanya kabla aingie biashara. Ana mke wa harusi na watoto watatu. Halafu ana mama mwingine huko Juja amezaa naye watoto wawili, analipa karo na rent, ila nyumbani hilo jambo halizungumzwi. Mzee akifa leo bila wosia, hiyo mali inaenda kwa nani?

Ukiuliza watu kumi utapata majibu kumi, na karibu yote yatakuwa ya sheria ilivyokuwa kitambo, manake kuanzia 2021 hivi Bunge na mahakama wamegusa karibu kila kona ya hii kitu: mke ni nani, mtoto ni nani, mjane akiolewa tena inakuwaje, ndoa ikivunjika kila mtu anatoka na nini, kampuni ni ya nani kwa kweli. Sheria yenyewe ya urithi ni ya 1972, ikaanza kutumika 1 Julai 1981, na ndo bado tunaitumia, imebandikwa viraka tu. Wacha tuipitie polepole.

Kwanza kabisa, kabla hata ya wosia, elewa hivi: si kila mali inapitia kwenye wosia. Watu wengi wanalipa loya awaandikie karatasi nzuri inagawa kila kitu, kumbe nusu ya vitu vimeandikwa ndani haviguswi na hiyo karatasi. Mali inafuata jina na aina ya umiliki ulioandikwa, wosia unashika tu kile kilichobaki.

Pensheni kwa mfano. Ile fomu ulijaza siku ya kwanza kazini ukiwa na miaka 24, ukaandika jina la mamako ama la mpenzi wa wakati huo, hiyo ndo wadhamini wa skimu wataangalia, sheria ya mafao ya kustaafu inasema pesa hizo si sehemu ya mirathi. Sacco ni karibu hivyo hivyo, pesa inaenda kwa mtu uliyemwandikisha, na mahakama zimeshasema hivyo mara kadhaa familia zikienda kulalamika. Kwa hivyo mtu anaweza kukaa miaka ishirini kwenye ndoa, aandike wosia mzuri, halafu milioni tatu za sacco ziende kwa mtu ambaye familia haijawahi kumwona. Hakuna loya wa kulipwa hapo, ni kwenda ofisini ujaze fomu mpya, na bado watu hawafanyi.

Ardhi nayo ina mambo yake. Taito ikiwa na majina mawili, cha kuuliza ni yameandikwaje. Kuna umiliki wa pamoja ambapo mmoja akifa yule mwingine anabaki na yote, unapeleka cheti cha kifo kwa msajili wa ardhi jina linafutwa, hakuna kesi. Na kuna umiliki wa mafungu ambapo kila mtu ana fungu lake na akifa fungu linaingia kwenye mirathi yake. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ule wa kwanza mpya unaweza kufanywa na mume na mke peke yao, wengine wote wanahitaji ruhusa ya korti. Sasa wale ndugu wawili walionunua ploti pamoja wakidhani mmoja akitangulia mwingine anabaki nayo, hapana, watoto wa marehemu wanaingia na fungu la baba yao na wana haki kabisa.

Turudi kwa hadiweya. Hapa ndo wafanyabiashara wengi huumia, manake ile cheti iko kwa ukuta imeandikwa jina la biashara tu. Jina la biashara si kampuni. Wewe ndo biashara, ukifa stoki ni mali ya marehemu, akaunti ya benki inafungwa, na watu unaowadai hawana haraka tena. Madeni pia ni yako, wasapulaya wanadai mirathi. Mtoto aliyekuwa anasimamia duka kila siku akiendelea kuuza kama kawaida anaweza kuambiwa na dada yake kwamba anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai kwa kifungu cha 45 cha hiyo sheria ya urithi, faini isiyozidi shilingi 10,000 ama kifungo kisichozidi mwaka mmoja ama vyote viwili. Faini ndogo sana kwa pesa za leo, lakini kesi yenyewe inatosha kufunga duka.

Kampuni ni tofauti, kampuni haifi. Mzee anaweza kuzikwa Jumamosi na Jumatatu lori za kampuni zikaenda kubeba mabati, mradi kuna dairekta aliye hai. Na hapo ndo shida ya miaka hii, kwa sababu Sheria ya Kampuni ya 2015 iliruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake, mwenye shea ni yeye, dairekta ni yeye, anayesaini benki ni yeye. Watu walikimbilia hiyo, ni rahisi, unajisajili kwa e-Citizen ukiwa kitandani. Ila siku huyo mmoja akienda, kampuni inabaki hai bila mtu wa kuisemea. Wafanyakazi hawalipwi, tenda haziwezi kusainiwa, na familia haiwezi kuteua dairekta mpaka kwanza ipate mamlaka ya usimamizi kortini na shea ziingie jina la msimamizi. Dawa yake si ghali: andika kwenye katiba ya kampuni kwamba mwenye shea akifa wasimamizi wake wanaweza kuteua dairekta mara moja, ama mweke mke au mtoto mkubwa kuwa dairekta wa pili sasa hivi ukiwa mzima, hata bila kumpa shea. Dairekta na mwenye shea ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna suala la mmiliki halisi. Tangu 2020 kampuni zinatakiwa kuandikisha kwa BRS, ile ofisi ya serikali ya kusajili biashara, mtu wa kweli, mwenye damu na nyama, anayemiliki ama kudhibiti angalau asilimia 10 ya shea au kura. Zamani mzee angeweza kumwambia shemeji yake "nishikie hizi shea kwa jina lako", wakapeana mkono, basi. Siku hizi hiyo inatakiwa kuandikwa, na serikali imekaza kamba zaidi tangu Februari 2024 Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaofuatilia utakatishaji wa pesa. Watu wanalia kwamba ni kusumbuliwa bure, lakini kwa mambo ya urithi mimi naona ni zawadi, kwa sababu kesi mbaya kabisa za familia za biashara ni zile za shea za kushikiliwa: mzee amekufa, shemeji anasema shea ni zake, karatasi zinamuunga mkono, na aliyejua ukweli yuko kaburini. Kama umeshikiliwa shea na mtu, andikisha ukweli wiki hii.

Na kama mna ubia na rafiki, hakikisheni kuna mkataba wa wenye shea unaosema mmoja akifa yule mwingine ana haki ya kununua shea zake na bei inapigwaje. La sivyo utaamka siku moja mwenzako wa biashara ni mjane na watoto watano ambao kitu wanataka ni pesa zao, na mabati hawayajui.

Sasa tuingie kwenye ile sehemu moto. Nani anarithi?

Novemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisaini mabadiliko ya sheria ya urithi, na mitandaoni ikaitwa sheria ya kuwafungia nje mipango ya kando. Ilichofanya ni kueleza mwenzi ni nani: ni mume au mke ama wake wanaotambuliwa na Sheria ya Ndoa. Na hiyo Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, hata za kimila. Kwa hivyo yule mama wa Juja akija kortini na picha za sherehe tu na ushahidi wa karo, njia yake imekuwa nyembamba. Nyembamba, sijasema imefungwa.

Njia ya pili aliyokuwa akitumia ilikuwa kusema "tumeishi pamoja miaka mingi, korti ichukulie sisi ni mume na mke". Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu (Supreme Court, ile iko juu ya zote) ilikaza hapo pia, ikasema kuchukulia kuna ndoa ni jambo la nadra na linahitaji ushahidi mzito, na mtu ambaye tayari ana ndoa nyingine isiyomruhusu kuoa au kuolewa tena hawezi kuipata. Ila kwenye kesi hiyo hiyo ploti waliyoijenga pamoja haikubaki kwa mmoja, iligawanywa asilimia 70 kwa 30, kwa msingi kwamba wote walichangia na walikusudia iwe yao. Kwa hivyo mama wa Juja anaweza kukosa cheo cha mke na bado akathibitisha kwamba zile rentali alichangia kuzijenga, akaondoka na kipande, tena kipande hicho kinatoka kama deni la haki yake, hakihesabiwi kama urithi. Weka risiti, weka meseji za M-Pesa.

Siku hiyo hiyo Mahakama ya Juu ilitoa hukumu nyingine kuhusu mali ya ndoa, ikisema usawa wa Katiba haumaanishi kila mtu anachukua nusu moja kwa moja ndoa ikiisha, lazima uonyeshe mchango. Wanaume walishangilia sana, sijui kwa nini, manake mchango kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Yule mke aliyekaa kaunta ya hadiweya miaka kumi na tano bila mshahara ana mchango mkubwa kuliko anavyodhani. Na kwa mfanyabiashara kuna jingine: nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi, benki inajua hivyo, na mkopo uliopata kwa kuficha mke unaweza kukurudia.

Watoto ndo hawana mjadala. Sheria imesema tangu mwanzo kwamba mtoto ambaye mwanaume amemtambua ama amekubali kumlea kama wake ni mtoto wake kwa urithi, ndoa iwepo isiwepo. Kwa hivyo wale wawili wa Juja wanarithi sawa na watatu wa Thika. Na binti aliyeolewa anahesabika sawa na kaka zake, kile kifungu kinagawia watoto sawasawa hakijasema wavulana.

Kwa Waislamu ilikuwa hadithi nyingine, mpaka 30 Juni 2025. Hapo Mahakama ya Juu, kwa kesi iliyotoka Mombasa, ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo tu. Hii ni nzito. Sheria ya urithi ya Kenya tangu 1990 inawaacha Waislamu wafuate sheria ya Kiislamu, na kifungu cha 24(4) cha Katiba kinaruhusu usawa upunguzwe kwa kadiri inavyohitajika kwa sheria ya Kiislamu kwenye Mahakama za Kadhi, mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Majaji wakasema kupunguza huko kuna mpaka, hakufiki kumbagua mtoto kwa makosa ya wazazi. Masheikh wengi na mawakili wa Kiislamu wakapinga vikali, wakasema hukumu imeingia ndani ya dini na hesabu ya mafungu haitungwi na korti. Wanaoiunga mkono wanasema mtoto hakuchagua kuzaliwa. Mimi si mwanazuoni siwezi kuamua hapo, lakini mfanyabiashara wa Pwani anayetaka mambo yake yaende kwa dini bila familia kuburutana ana vyombo vyake vya siku zote: wasia usiozidi theluthi kwa wasiorithi, hiba anayotoa na kukabidhi akiwa hai, na wakfu. Tena akumbuke Kadhi anasikiza kesi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake, mmoja akikataa mnaenda Mahakama Kuu.

Mjane naye amepumua kidogo. Sheria inasema bila wosia, mke mmoja mwenye watoto anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa na mali inayobaki anaitumia maisha yake yote, ila akiolewa tena anaipoteza. Mume akifiwa akaoa tena hapotezi kitu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Meru ilisema ubaguzi huo unavunja Katiba. Kwa hivyo shemeji wanaokaa wakihesabu siku mpaka mjane aolewe ili wachukue shamba, hiyo hukumu wasomewe.

Kama wake ni wawili na wote ni halali, sheria inagawa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane anahesabiwa kama mtu mmoja kwenye nyumba yake. Mke wa kwanza ana watoto watatu, hiyo ni vichwa vinne. Wa pili ana watano, vichwa sita. Jumla kumi, nyumba ya kwanza asilimia 40, ya pili 60. Mke wa kwanza aliyeuza ng'ombe za kwao kuanzisha duka atasema si haki, na mara nyingi ana pointi, lakini bila wosia hiyo ndo hesabu ambayo korti inaanzia.

Basi wosia. Uandike, usaini mbele ya mashahidi wawili wazima wa akili, wao nao wasaini. Anayerithi asiwe shahidi, akiwa shahidi lazima kuwe na wengine wawili wasiohusika la sivyo zawadi yake inaanguka. Ukioa ama kuolewa baada ya kuandika, wosia unakufa wenyewe, isipokuwa uliuandika ukitarajia ndoa hiyo hiyo. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili ila lazima ufe ndani ya miezi mitatu, na ni nani anapanga hivyo. Na usidhani wosia ni rungu la kumpiga mtu: ukimnyima mke ama mtoto kabisa anaweza kwenda kortini chini ya kifungu cha 26 cha sheria ya urithi aombe fungu la kutosha, na korti inaweza kumpa. Wale wa Juja usiwaache nje ukidhani hawatajua. Waandikie kitu kinachoeleweka na uandike kwa nini.

Ukiwa na mali nyingi zaidi kuna dhamana ya familia (family trust), ambayo mabadiliko ya 2021 ya sheria ya wadhamini yaliitambua wazi. Mali inatoka jina lako ukiwa hai inaingia kwa wadhamini, wanaisimamia kwa faida ya familia, hata watoto ambao hawajazaliwa. Ukifa hakuna saksesheni, yaani kesi ya mirathi, ya hiyo mali maana haikuwa tena yako. Uzuri wake ni huo na ubaya wake ni huo huo, haikuwa tena yako. Wazee wengi wanataka kuhamisha mali na bado waiuze wakitaka, haiendi hivyo. Na mambo ya kodi ya dhamana muulize mhasibu mwaka huo huo unafanya, Sheria ya Fedha ikitoka kila mwaka hesabu hubadilika.

Walio nje, Doha, Minneapolis, kokote: ardhi yako ya Kenya itafuata sheria ya Kenya hata ukifa huko. Pesa na magari yanafuata sheria ya pale makazi yako ya kudumu yalipo. Kwa hivyo wosia wa huko pekee hautoshi kama hukuongea na loya wa huku.

Na mzee asipoandika chochote, safari ni hii: barua ya chifu inayotaja warithi wote, fomu kortini, jina linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali siku 30 watu wapinge, granti, yaani karatasi ya korti ya kusimamia mali, inatoka kwa wasimamizi wasiozidi wanne, halafu unasubiri miezi sita ndo uombe ithibitishwe. Mali isiyozidi milioni 20 unaenda kwa hakimu, ikizidi ni Mahakama Kuu. Kabla ya kuthibitishwa hakuna kuuza ardhi, anayekununulia ploti ya marehemu kwa granti ambayo haijathibitishwa anacheza kamari na pesa zake. Kama kuna watoto chini ya miaka 18 lazima wasimamizi wawe wawili au zaidi.

Kenya haina kodi ya urithi, hiyo watu wanajua. Ambayo hawajui ni ya faida ya kuuza mali, ambayo tangu Januari 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 mpaka 15. Mali ikihamishwa ama kuuzwa kwa ajili ya kusimamia mirathi inasamehewa, lakini mradi ikamilike ndani ya miaka miwili tangu mtu afe, ama muda ambao KRA, watu wa kodi, wameongeza mkiomba. Familia zinazokaa miaka saba zikibishana nani alipendwa na mzee zinaweza kujikuta zinalipa kwa ploti ambayo ingepita bure. Kama mko kwenye mwaka wa pili na granti haijathibitishwa, andikeni barua ya kuomba muda sasa, kabla hata ya kuelewana.